Somo: Gurudumu la Pelton kwa vijiko na kandambili

Lester Pelton, fundi seremala wa Ohio, alifika California 1850 kutafuta dhahabu. Akaishia kuunda mitambo ya migodi, na tarehe 26 Oktoba 1880 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, namba 233,692 ya gurudumu la maji. Ofisi ya hataza ya Marekani ilizoea kudai modeli isiyozidi inchi 12 kila upande. Nasi tusivuke hapo, yaani sentimita 30.

1. Kata duara la upana wa sentimita 10 kwenye soli ya kandambili kuukuu. Toboa katikati kabisa, upitishe spoku ya baiskeli. Tundu likienda kombo, kata duara jingine.

2. Chukua vijiko 16 vya plastiki, kata mipini ubakize sentimita 2. Gundisha viwili viwili ubavu kwa ubavu, kingo zikutane ziwe mgongo uliochongoka. Hapa msiharakishe, maana mgongo huo ndio uvumbuzi wenyewe. Kikombe cha kawaida hupigwa na maji, nayo yakarudi kuyazuia yanayokuja. Mgongo wa Pelton unayapasua: kila nusu inazunguka ndani ya kibakuli chake na kutokea pembeni, ikiwa imeacha karibu nguvu zake zote kwenye gurudumu. Gurudumu lake lilipojaribiwa kwa ajili ya mgodi ulioitwa Idaho, huko Grass Valley, California, 1883, lilivuka asilimia 90 za ufanisi. Naliheshimu sana jambo hili: ukingo mwembamba tu!

3. Chana ukingo wa duara mara nane, chomeka jozi zote zikitazama upande mmoja, tia gundi, ziache zikauke.

4. Laza spoku juu ya ndoo. Chomeka bomba la kalamu kwenye mpira wa maji, lenga mgongo.

Maswali

*Langu linazunguka kasi, lakini halivuti hata kokoto niliyoifunga kwa uzi kwenye spoku.*
Huenda mchirizi unaangukia kibakuli kimoja. Lenga upya, kisha ongeza mzigo kidogo kidogo: nguvu hufika kilele vibakuli vikienda nusu ya kasi ya maji.

*Mto wa kwetu ni mpana, hauna maporomoko. Litafaa?*
Hapana, ndugu. Pelton inataka maji yanayoshuka kutoka juu sana, kama kwenye kituo cha umeme cha Kihansi, Tanzania, yanakoporomoka zaidi ya mita 800. Kwa mto wenu anzeni kuangalia turbini za aina nyingine, zinazozama ndani ya maji.

*Modeli za zamani za ofisi ya hataza ziko wapi, mwalimu?*
Nyingi ziliteketea ofisi hiyo iliposhika moto 1836 na 1877. Baadhi ya zilizopona zinatunzwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.