Kubadili taiming cheni ya pikipiki mwenyewe nyumbani bila kukunja valvu

Wakuu, kwanza tuweke sawa hili la mkanda, maana watu wanaenda dukani kuulizia "taiming belti ya Boxer" mpaka muuza spea anacheka. Pikipiki zenye mkanda wa taiming zipo kweli, ila ni Ducati nyingi tangu enzi za Pantah, na Honda Gold Wing kuanzia ile ya 1975 mpaka walipokuja kuhamia kwenye cheni na ile ya 1800 cc. Hizi zetu za kijiweni, Boxer, TVS HLX na ndugu zake, zina cheni ndani ya injini, ndo inayotoa mzunguko wa krenki chini kwenda kuzungusha kamshafti, ile shafti inayofungua na kufunga valvu. Ule mkanda wa skuta nao ni habari nyingine, unazungusha tairi la nyuma, na valvu haujui.

Halafu kuna za Kichina zenye injini ya CG, ile iliyotokana na Honda CG125 ya 1976. Hizo hazina mkanda wala cheni ya taiming, kamshafti imekaa chini inazungushwa na gia na fimbo ndo zinasukuma roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu, kule juu, kwa hiyo fundi akikwambia taiming cheni ya CG yako imelegea chukua funguo zako uondoke. Kuzitofautisha, angalia ubavu wa hedi (kichwa cha injini), injini yenye cheni huwa na kava pale juu inayoficha sproketi ya kamshafti, CG haina.

Sasa dalili. Mlio wa chakachakacha ubavuni mwa bloku, mara nyingi upande wa kushoto, unausikia zaidi asubuhi injini ikiwa baridi au ikiwa sailensa (inaunguruma tu bila kuvutwa mafuta), ukivuta mafuta kidogo unapungua au unabadilika. Tapeti (nafasi kati ya roka na valvu) zikiwa wazi nazo zinapiga kelele, ila zile zinagonga tik tik tik juu kwenye hedi, kwa hiyo pima tapeti kwanza kabla hujaanza kununua vitu. Kisha fungua tenshina, kile kifaa kinachobana cheni isilegee, iko nyuma ya bloku imeshikwa na bolti mbili. Ibonyeze kile kifimbo chake kwa dole gumba: kikirudi ndani chenyewe bila wewe kuachia kile kikamatio basi meno yameisha, badilisha tenshina tu na pengine kelele inaishia hapo hapo. Ila kama tenshina ni nzima na kifimbo ulikikuta kimetoka chote, cheni imerefuka, hamna namna. Ukishaitoa tenshina usipige kiki wala stata mpaka umeirudisha.

Vifaa: spana na boksi za kawaida (8, 10, 14, 17), bisibisi, fila geji ya kupima tapeti, gasketi mpya ya kava la magneto (lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krenki) na ya tenshina, oili lita moja hivi, na PULA YA MAGNETO (ya kuivuta itoke) ya saizi ya injini yako. Hiyo pula ndo watu wanaikwepa wanachukua nyundo, wanaipiga magneto ubavuni, sumaku ndani zinabanduka na krenki inapinda. Kama huna azima, kama hujapata kwa kuazima ahirisha kazi.

Injini iwe baridi, imelala usiku kucha. Mwaga oili. Toa plagi ili kompresheni isikusumbue, toa vikava vya tapeti na kava ya sproketi kwenye hedi. Zungusha krenki kwa boksi kwenye nati ya magneto, kwa kushoto kama inavyozunguka yenyewe ikitembea, mpaka alama ya T iliyo kwenye magneto ikae sawa na kile kialama cha kwenye kava. Kuna F pia hapo karibu, F ni ya moto wa plagi, wewe unaitaka T. Na T yenyewe inakuja mara mbili kwenye mzunguko mmoja wa injini, kwa sababu krenki ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja tu, kwa hiyo shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise: zikicheza zote uko kwenye kompresheni, ndo penyewe. Moja ikiwa imekaza, zungusha krenki raundi moja nzima tena. Ukifika piga picha na simu, sproketi ya juu na alama zake zionekane vizuri.

Toa tenshina kama ulikuwa umeirudisha, fungua kava la magneto pole pole lisichane waya za koili, toa nati, funga pula, kaza mpaka magneto iachie kwa mlio wa "ta!". Kuna kii ndogo ya nusu mwezi pale kwenye krenki, iweke mfukoni saa hiyo hiyo maana ikianguka kwenye mchanga utaitafuta mpaka magharibi. Pikipiki yenye stata ina gia ya stata nyuma ya magneto, piga picha pia namna zilivyokaa.

Kabla ya kufungua bolti za sproketi ya juu ziba lile shimo la cheni kwa kitambaa safi. Bolti ikidondokea mle inaenda kukaa chini kwenye krenki. Zikishatoka ondoa sproketi, achia cheni, ivute kwa chini. Tazama zile reli mbili ambazo cheni inasugulia. Ya nyuma imeshikwa na bolti chini na inatoka kirahisi. Ya mbele kwa injini nyingi haitoki mpaka hedi ifunguliwe, kwa hiyo kama imelika mpaka imekuwa na mfereji mkubwa jipange na gasketi ya hedi kabisa. Sproketi zenye meno makali kama ya papa usizirudishe na cheni mpya.

Kurudisha sasa. Cheni mpya ivae krenki kwanza, hakikisha krenki haijahama pale ulipoiacha kwenye T, halafu sproketi ya juu ikae na alama yake sawa na ya kwenye hedi. Vuta cheni upande wa mbele inyooke kabisa, ulegevu wote ubaki nyuma kwa tenshina, kwa sababu ukiacha ulegevu mbele, tenshina ikibana tu kamshafti inasogea na umeshapoteza jino moja. Kitambaa kile ukitoe jamani. Tenshina irudishe kifimbo kikiwa ndani, funga, ndo uachie springi. Magneto kabla ya kurudi ifute ndani, sumaku inaokota washa na vichuma bila wewe kuona.

Hapo ndo kuna mtihani wenyewe, na ndo watu wanaruka wakikimbilia kiki. Plagi ikiwa bado nje, zungusha krenki kwa mkono na spana raundi mbili kamili, taratibu. Ikigota mahali usilazimishe hata kidogo, hiyo ni valvu inagusa pistoni, rudi nyuma upange alama upya. Ikizunguka vizuri angalia T na alama ya juu zimerudi sawa? Zungusha tena mbili. Kama zipo sawa, weka tapeti kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, hizi za 100 mpaka 150 cc nyingi zinacheza kati ya 0.05 na 0.10 mm, funga kava zote na gasketi mpya, weka oili, plagi, washa.

Iache sailensa dakika chache huku unatazama kama kuna oili inavuja kwenye kava na kwenye tenshina. Hiyo oili ya kwanza usiikalie mpaka muda wa kawaida, imwage mapema, ina unga wote wa reli na cheni ya zamani.