Kuchagua Kati ya Kamera ya Fomati ya Kati na ya Milimita 35

Kabla hujalinganisha kamera, amua kwanza picha zako utazitoa kwa ukubwa gani. Fremu ya mkanda wa milimita 35 ina milimita 24 kwa 36, ilhali fremu ya mraba ya mkanda wa 120, yaani filamu pana ya kamera za fomati ya kati, maarufu kama sita kwa sita (kwa sentimita), ina takriban milimita 56 kila upande. Ukitaka picha ya mraba ya sentimita 30, negativu ndogo italazimika kukuzwa mara 12 na nusu, na ile kubwa mara 5 na ushei tu; ndiyo maana chembe za filamu hujitokeza mapema kwenye ile ndogo, hasa penye anga tupu na kwenye ngozi ya uso. Kwa picha za albamu za sentimita 10 kwa 15 tofauti hiyo haionekani kwa urahisi, na sioni sababu ya kujitwisha kamera nzito kwa ajili yake.

Jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hulipuuza, ni mwanga. Lenzi za f/1.4 (namba ya f huonyesha uwazi wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ni za kawaida kwenye kamera ndogo, lakini nyingi za fomati ya kati huanzia f/2.8, ambayo hupitisha robo tu ya mwanga huo. Ukumbini, pale kamera ndogo inapopiga kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde, kubwa itahitaji 1/15, na mkono ukitikisika ubora wote wa negativu kubwa umepotea. Isitoshe, lenzi ya milimita 80 ya sita kwa sita, ikiwa wazi kabisa na karibu na uso, huweza kuonyesha kope vizuri huku masikio yakiwa na ukungu. Ukipunguza tundu la lenzi hadi f/8 ili kurekebisha hilo, utahitaji stendi ya miguu mitatu au mwanga mwingi.

Mkanda wa milimita 35 hutoa picha 36; wa 120 hutoa 12 za sita kwa sita, au 10 za sita kwa saba. Kwa harusi au watoto wanaokimbia, chukua ndogo bila kusita. Mkanda wa 120 hauna kasha: unapouweka, lenganisha mshale wa karatasi yake na alama iliyo ndani ya kamera, na ukiisha uufunge kwa kuubana sana, kivulini, ili mwanga usipenye kingoni.

Kwa anayetaka mandhari na picha za watu walioketi, ningependekeza aanze na sita kwa nne na nusu, yenye picha 15 au 16 na mwili mwepesi kiasi. Ila ahakikishe kwanza kwamba fundi wake husafisha mikanda ya 120, na kwamba mashine yake ya kukuzia inapokea negativu hiyo.