Kuvuka kwa Kiingereza: "cross", "go through" au "traverse"?

Anayemhudumia mgeni pale jetini Lamu atahitaji zaidi "cross". Kitenzi hiki hubeba kile kinachovukwa moja kwa moja: "We cross the channel", tunavuka mkondo. Usiweke "from" wala "in" katikati.

Kosa kubwa huja pakitajwa mwisho wa safari. Kiswahili kina "vukia": tunavukia Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo kazi yake hufanywa na "to": "We cross to Manda." Ukisema "We cross Manda", mgeni ataelewa mnakikata kisiwa chenyewe kutoka upande mmoja hadi wa pili, naye ana ndege ya kuwahi!

Wakati uliopita ni "crossed", ila hutamkwa "krost", silabi moja. "Krosedi" ni Kiingereza cha kusoma herufi.

Mkiingia Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, badilisha: "We go through the mangroves." "Through" ni kupita ndani ya kitu kilichokuzunguka, "across" ni juu ya eneo wazi, kama maji au uwanja. Wakati uliopita wa "go through" ni "went through".

"Traverse" nayo ni ya ripoti na vitabu vya safari, tena kwa njia ndefu au ngumu. Kutaka kuvuka barabara kwa "traverse" kunachekesha. Ukilazimika, usiongeze "through": maana hiyo imo tayari ndani yake.