Somo: Namna ya kupata kazi ya utafiti katika maabara ya lugha na ubongo

Salaam wanajamvi. Wengi mmeuliza kuhusu nafasi za mtafiti msaidizi katika maabara za vyuo vikuu zinazochunguza lugha na ubongo. Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo ambalo matangazo ya kazi hizi hayalisemi waziwazi. Maabara haitafuti bingwa wa ubongo. Inatafuta mtu anayeweza kukabidhiwa mshiriki pamoja na data zake, na profesa akalala usingizi.

Hatua ya 1: Jua wanapima nini

Fani hii ilianzia kwa wagonjwa. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye karibu kila alipojaribu kusema alitoa silabi moja tu, "tan". Alipofariki, ubongo wake ulikutwa na jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa aina nyingine: wanasema kwa wepesi, lakini maneno yao hayashikamani na hawaelewi wanachoambiwa. Mpaka leo zipo maabara zinazofanya kazi na watu waliopata kiharusi. Nyingine huchunguza watoto wachanga, watu wenye lugha mbili, au watumiaji wa lugha za alama.

Vifaa utakavyovikuta mara nyingi ni EEG na MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. EEG husoma umeme wa ubongo kupitia elektrodi, yaani vipokezi vidogo vya umeme, zilizopangwa kichwani, na hufuata mabadiliko kwa milisekunde, ila haioneshi vizuri umeme umetoka sehemu gani ya ndani. MRI inayopima utendaji wa ubongo hufuata mabadiliko ya damu ubongoni. Hiyo huonesha mahali vizuri zaidi, lakini mwitikio wa damu hufika kilele baada ya sekunde tano au sita hivi, na kwa muda huo mtu amekwisha kusikia sentensi nzima.

Chukua sentensi "Mwalimu amesoma kiatu". Neno la mwisho halikutarajiwa, na ubongo hulijibu kwa wimbi hasi kubwa zaidi linalofikia kilele karibu milisekunde 400 baada ya neno kuonekana. Marta Kutas na Steven Hillyard waliliripoti mwaka 1980, na linaitwa N400. Kosa la upatanisho wa sarufi, kama "kitabu umeanguka", ni jambo tofauti: katika lugha nyingi zilizochunguzwa, makosa ya namna hiyo huleta wimbi chanya la baadaye, P600. Ukielewa mfano huu mmoja barabara, utaweza kusoma makala nyingi za maabara hizi bila kupotea.

Hatua ya 2: Ijue kazi ya kila siku

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu walitarajia picha za ubongo zenye rangi. Sehemu kubwa ya kazi ni kutafuta washiriki, kuwapigia simu, kupanga ratiba, kueleza fomu ya ridhaa mpaka mtu aelewe kweli kwamba anaweza kuacha wakati wowote, kupaka jeli chini ya kila elektrodi (32, 64, hata 128), kisha kumwomba mshiriki asipepese macho ovyo, maana kila anapopepesa hutia doa kwenye rekodi.

Kuna pia kutunga sentensi za majaribio, na mimi naiona kuwa kazi tamu kuliko zote. Ukitaka kulinganisha maneno mawili, lazima yalingane kwa urefu na kwa jinsi yanavyotumika mara kwa mara, la sivyo hutajua ubongo umejibu nini. Kila sentensi huandaliwa kwa sura zaidi ya moja, na mshiriki mmoja huona sura moja tu. Mtu wa isimu hung'ara hapa.

Hatua ya 3: Jenga ujuzi unaoonekana

Jifunze R au Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta, kiasi cha kufungua jedwali la data, kulisafisha na kuchora grafu. Jifunze pia programu mbili: PsychoPy kwa kuendesha majaribio na Praat kwa kuchambua sauti. Zote mbili ni za bure. Kisha pakua data kutoka tovuti ya OpenNeuro, ambako watafiti huweka rekodi zao wazi, uchambue seti moja ndogo tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi moja iliyokamilika ina uzito kuliko vyeti vingi vya kozi za mtandaoni.

Hatua ya 4: Andika barua

Iwe fupi. Taja makala moja ya maabara hiyo uliyoisoma, useme ni swali gani lilibaki kichwani mwako. Eleza unachoweza kufanya na lini unapatikana. Ambatisha wasifu. Sifa za jumla kama "nina shauku kubwa na sayansi" hazimsaidii anayesoma. Kama umewahi kushika rejista, kuhudumia wagonjwa au kufundisha watoto, liseme, kwa maana linahusu uaminifu na uvumilivu, na ndivyo vinavyotafutwa.

Hatua ya 5: Usaili

Utaulizwa ungefanyaje mshiriki akichoka katikati ya jaribio, au ukigundua faili limehifadhiwa kwa jina la mtu mwingine. Jibu sahihi huanza na kumjali mshiriki, kisha kuandika kilichotokea na kumjulisha mkuu wako. Usifiche.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nimesoma isimu tu, sijawahi kugusa biolojia. Nina nafasi?*

Unayo. Maabara hizi huchanganya watu wa isimu, saikolojia, kompyuta na tiba. Anatomia utakayohitaji mwanzoni utafundishwa kazini. Anza na R.

*Mashine ya MRI ina mionzi? Naogopa kufanya kazi karibu nayo.*

Haina eksirei, ndugu yangu. Hatari yake ni sumaku, ambayo haizimwi hata kama hakuna anayepimwa. Chuma kikiingia chumbani huvutwa kwa nguvu, na mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo anaweza kudhurika. Ndiyo maana kila anayeingia huulizwa maswali, nawe utapewa mafunzo kwanza.

*Dada mmoja aliambiwa hawezi kushiriki kwa sababu ya nywele zake. Ni kweli?*

Hutokea, na inaniumiza. Kofia nyingi za EEG hazishiki vizuri kwenye nywele nzito za kipilipili au zilizosukwa, hivyo watu wengi weusi wameachwa nje ya tafiti. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha muundo wa elektrodi zinazobanwa na mistari ya nywele zilizosukwa. Ukipata kazi, uliza maabara yako inafanya nini kuhusu hili.

*Nikubali kujitolea bila malipo?*

Kwa saa chache kwa wiki, ukiwa bado mwanafunzi na unafundishwa kweli, sawa. Ukiombwa kazi ya kutwa nzima bila mshahara, kataa. Nafasi za kulipwa zipo, nyingi za mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na wengi huzitumia kujiandaa kwa uzamivu.

*Nimeandika barua, profesa kimya.*

Subiri wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili. Akiendelea kunyamaza, mwandikie meneja wa maabara au mwanafunzi wa uzamivu wa hapo, kwani mara nyingi wao ndio wanaojua nafasi itafunguliwa lini.