Kabla ya kushuka ufuo wa Pirates na watoto wa mtaa: tarehe ipangwe kwa maji

Likizo ya Desemba ikianza, kila mtaa wa Mombasa huwa na safari yake ya pwani: madrasa, kanisa, chama cha akina mama, timu ya soka ya vijana, majirani wa ploti moja. Yanayojadiliwa kwanza ni mchango, matatu na pilau. Maji hayaulizwi. Hapo ndipo kosa kubwa linapoanzia, kwa sababu mtoto si lazima akifuate kina ndipo azame. Kina kinaweza kumfuata yeye pale alipoachwa maji yakiwa ya magotini. Kwa hiyo kamati ikikaa, jambo la kwanza mezani liwe tarehe, na tarehe hiyo ipangwe kwa maji.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa pale bandari ya Kilindini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana njia nyepesi ya kukadiria: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Saa kamili zimo kwenye jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na mvuvi yeyote wa Bamburi au Nyali atawaambia bila kufungua karatasi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapa Mombasa bamvua ina saa zake. Maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Sasa tazama ratiba ya safari nyingi: kufika saa nne, kula saa saba, kurudi saa kumi na moja. Watoto wanashuka matatu wakati ufuo mzima uko wazi, fungu la mchanga limejitokeza mbali huko mbele, na madimbwi yana samaki wadogo wa kufukuza. Wanatembea hadi kwenye fungu. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo tu, ya pili zaidi, ya tatu na ya nne ndizo za kasi: nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Maji yakiwa yamepwa saa nne, basi kati ya saa sita na saa nane mchana kina kinaweza kupanda kwa mita 1.5. Huo ni urefu wa mtoto wa darasa la sita, na ni wakati uleule ambao watu wazima wanapakua chakula. Mbaya zaidi, maji hujaza kwanza mabonde yaliyo kati ya fungu na ufuo, kwa hiyo aliye juu ya fungu bado anaona maji ya vifundoni huku njia yake ya kurudi imeshakuwa ya shingoni.

Idi ndogo huwa tarehe 1 Shawwal, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua. Huo si mwaka mbaya wala bahati; ni mwezi. Anayewapeleka watoto Idi ndogo ajue kabisa kwamba saa sita hadi saa nane mchana ndio wakati wa kuwaita wote nje, chakula kiwe tayari saa hizo na wote wakae chini wale pamoja. Idi kubwa, tarehe 10 Dhulhija, kilele cha kujaa huangukia karibu na adhuhuri na maji hayana nguvu ile. Krismasi na mwaka mpya hazifuati mwezi, hivyo kila mwaka ni kuangalia upya.

Wakati mzuri wa kuogelea na watoto ni muda wa saa mbili za mwisho kabla ya kilele cha kujaa. Mkondo umepungua, na maji bado yanasukuma kuelekea ufuoni. Siku za bamvua, hiyo ni kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Siku za maji mafu ni mapema asubuhi, kwa kuwa kilele huwa saa nne au saa tano. Kamati ikiweza kuchagua, ichague maji mafu. Watu hulalamika kwamba maji mafu hayana raha, hayafiki karibu wala hayaendi mbali. Kwa safari yenye watoto arobaini, raha ya bahari tulivu ni kubwa kuliko ya fungu.

Wakati wa kuogopa ni maji yakianza kutoka. Siku za bamvua, hiyo ni jioni, baada ya saa kumi na moja, na tena alfajiri. Maji yaliyoingia kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe ulioko mbele yake lazima yatoke, na yanatokea kwenye milango ya mwamba, pale zinapopita ngalawa na boti. Alfajiri huongezeka umande, upepo wa kutoka nchi kavu. Hapo tyubu za kukodi ndizo zinazotia hofu kuu. Mtoto asiyejua kuogelea akikalia tyubu anapelekwa na upepo na mkondo bila kuhisi, kwa sababu miguu haigusi chini, na akigundua yuko mbali anateleza katikati ya tundu akijaribu kurudi. Tyubu si kifaa cha kuokolea. Mkikodi, fungeni kamba ya mita 5, mtu mzima ashike ncha akiwa amesimama maji ya kiunoni, na jioni maji yakishaanza kutoka zirudishwe zote kwa mwenyewe.

Mahali napo pana uzito wake. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, huo tunaouita Pirates, una faida ya kuwa na waokoaji na watu wengi wa kuona. Hasara yake ni hao watu wengi wenyewe, maana mtoto hupotea machoni kwa dakika moja. Mama Ngina ni pa kupunga upepo na kula mihogo, si pa kuingia majini: mbele yake ni mlango wa bandari, kina kirefu na mkondo mkali, na meli zinapita. Shelly, upande wa Likoni, pana miamba mingi, kwa hiyo kila mtoto avae viatu vya mpira. Popote mtakapokwenda, mtu mmoja wa kamati atangulie siku mbili tatu kabla, maji yakiwa yamepwa, aone kwa macho mabonde yako wapi, miamba iko wapi, na boti zinapita wapi. Ukiyaona makavu, utayakumbuka yakijaa.

Vifaa vya kuokolea havihitaji pesa nyingi. Chukua dumu la lita 5 lenye kifuniko kisichovuja, litie maji nusu kikombe ili lisipeperushwe na upepo ukilirusha, kisha funga kamba ya mita 15 hadi 20 kwenye mkono wake. Dumu hilo linatosha kumweka mtu kichwa juu ya maji. Andaeni madumu matatu, yakae ufuoni umbali wa hatua thelathini thelathini, wala mtu asiyatumie kunywea. Leso mbili zilizofungwa fundo imara zikasokotwa zinamfikia aliye karibu. Kinachoua watu wawili badala ya mmoja ni mwenye huruma kuruka majini mikono mitupu: anayezama humpanda anayemsogelea. Basi kwanza ita, kisha rusha, na anayeingia awe mwokoaji au mwogeleaji hodari aliyeshika kitu kinachoelea.

Nguo ziamuliwe mapema pia. Buluu na nyeupe hupotea ndani ya maji. Machungwa, manjano iliyokolea na waridi kali huonekana. Kwa wasichana na akina mama wanaoingia na stara, suruali nyepesi ya kubana na shati refu la kitambaa kisichonyonya maji ni salama kuliko baibui au dera, ambavyo vikilowa huwa vizito na kuzinga miguu.

Usimamizi ndio unaoharibika mara nyingi, na hauharibiki kwa uvivu. Kila mzazi anadhani mwingine anatazama. Dawa yake ni zamu zenye jina: watazamaji wanne kwa kila dakika 30, wamevaa kitambaa cha rangi moja mkononi, hawali, hawashiki simu, hawapigi gumzo, na mmoja haondoki mpaka wa zamu inayofuata asimame mahali pake. Majini awepo mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, na aliye chini ya miaka mitano awe umbali wa kushikika kwa mkono. Mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma chini kama anayepanda ngazi. Mtoto aliyekuwa na kelele akinyamaza ghafla, mtazame. Firimbi moja ndefu iwe ishara ya kutazama ufuoni, tatu fupi wote watoke. Zoezi hilo lifanywe mara moja kabla ya yeyote kulowa.

Orodha ya majina iwe nakala mbili kwa watu wawili tofauti, na kuhesabu kufanyike nyumbani, kwenye gari, mkifika, kila saa, na kabla ya gari kuwashwa. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye mkono wa mtoto na kufunikwa kwa selotepu pana. Mahali pa kukutana akipotea mtu pawe kitu kisichohama, kama mnazi au jengo. Mtoto akiambiwa angojee penye ngamia au boti, vyote viwili huondoka. Mtoto akikosekana, tafuteni majini kwanza, kisha vibandani, na polisi walioko ufuoni waarifiwe papo hapo. Namba ya watoto, 116, hupigwa bure.

Usafiri uko hivi: matatu ya abiria 14 ni ya abiria 14, hata kama ni watoto wembamba, na tuktuk ni ya watatu. Foleni ya Daraja la Nyali siku ya sikukuu ni ndefu, kwa hiyo rudini kabla ya jua kuzama. Wanaovuka Likoni wakumbuke Mtongwe, Aprili 1994, feri iliyopinduka na kuua zaidi ya watu 250. Msikimbilie mlango, msijazane upande mmoja, watoto washikwe mikono wakati wa kushuka. Wenye gari washushe abiria kabla ya kupanda feri, na dereva avute breki ya mkono. Magari yanaweza pia kuzunguka kwa Dongo Kundu.

Maji ya kunywa ni lita 2.5 kwa mtu mmoja kwa siku ya joto. Watu 40 ni madumu matano ya lita 20. Pilau ipikwe asubuhi hiyohiyo na iliwe ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa, au ibaki moto kweli. Wali uliopoa kwenye sufuria lenye mfuniko juani hutapisha mtaa mzima. Mahamri, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha havina usumbufu huo. Mtu akiharisha au akiishiwa na nguvu, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo.

Aliyeguswa na yavuyavu aoshwe kwa maji ya bahari, si ya bomba, na mchanga usisuguliwe juu yake. Aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, wa samaki wa mawe, au wa wale wadudu weusi wa mviringo wa baharini wenye miba mirefu, atie mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa dakika 30 hadi 90; mwenzake ayapime kwanza kwa mkono, kwa sababu mguu wenye ganzi hauhisi unapoungua. Beba chupa mbili za chai zenye maji ya moto kwa kazi hiyo pekee. Kidonda cha taa kipelekwe hospitali hata kikitulia.

Akitolewa mtu majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikandwe tumbo. Hilo linapoteza dakika na kumtapisha kuelekea mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi za mdomo hadi kifua kinyanyuke, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, na endelea bila kukoma. Mwingine apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, na wa tatu aende barabarani kuonyesha ambulansi njia ya kuingilia. Hizo kazi tatu zigawiwe kwa majina siku ya kamati, si siku ya tukio.

Na yeyote aliyeokolewa, hata akikaa akacheka na kuomba soda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Wakirudi nyumbani, mzazi wa mtoto aliyemeza maji mengi aambiwe usiku huo aangalie kikohozi kisichokatika, kupumua kwa haraka, kutapika au usingizi usio wa kawaida, na akiona mojawapo asingoje asubuhi.