Bolti Ikikatikia Ndani ya Bloku: Kuitoa na Kufufua Hesi

Kabla hujashika drili, jiulize bolti ilikatika wakati gani. Iliyokatika wakati wa kukaza mara nyingi haijashikwa na kitu: kichwa kikishaondoka mkazo nao umekwisha, na kipande kilichobaki hutoka kwa kugongwagongwa pembeni na tindo dogo lenye ncha kali, kuelekea kushoto. Iliyokatika wakati wa kufungua ni habari nyingine. Hiyo imeng'ang'aniwa na kutu au masizi kwenye hesi, ile mistari ya mzunguko ya bolti na ya shimo lake. Ikiwa spana ndefu imeshindwa kuizungusha, ekstrakta nyembamba, ule msumari wenye hesi za kushoto unaotiwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya bolti ili kuizungusha, haitaiweza. Itakatikia mle mle, na kwa kuwa chuma chake ni kigumu mno kwa drilbiti ya kawaida, shimo lako sasa lina kizibo kisichotoboleka. Ndiyo maana ekstrakta isiwe chombo cha kwanza kuchukuliwa.

Kwa stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi ya egzosti, lile bomba la kukusanya moshi wa injini, ambazo kwenye injini za taxi hukatika kila kukicha, anza na nati na mashine ya weldingi. Bolti ikiwa ya M8 (yenye unene wa mm 8), weka juu yake nati ya M10, kisha choma ndani ya tundu la nati kwa elektrodi ya mm 2.5, ukianzia katikati ya kipande na kujaza kuelekea nje. Weldingi ya chuma haishiki aluminiamu, kwa hiyo hesi za hedi ya aluminiamu, ile sehemu ya juu ya injini inayoshika stadi hizo, hazidhuriki kirahisi. Subiri wekundu uishe, tia mafuta ya kupenyeza, halafu zungusha nusu nusu, kushoto na kulia, bila pupa. Nati ikibanduka, choma nyingine. Kurudia mara tatu si ajabu, kwa sababu moto wenyewe ndio unaovunja kutu: kipande hutanuka, kisha kikipoa husinyaa. Kama injini bado iko garini, toa waya za betri kwanza, na waya wa athi wa mashine uubane kwenye chuma kile kile unachochoma.

Nati ikishindikana, ndipo utoboe. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa, kwani drilbiti huteleza kwenye mteremko, kisha piga alama ya panchi katikati kabisa. Hapa usikadirie kwa jicho. Shimo la bolti ya M8 hutobolewa mm 6.8 kabla ya kukatwa hesi kwa tapu (chombo cha kukata hesi ndani ya shimo), yaani kila upande kuna mm 0.6 tu za hesi. Ukikosea katikati kwa mm 1, umeshakula bloku, mwili wenyewe wa injini. Njia ya uhakika ni kufunga manifoldi kuukuu mahali pake na kutia kwenye tundu lake bushi (bomba fupi la kuongoza drilbiti) iliyochongwa na fundi wa lathi. Hapo drilbiti haina pa kukimbilia. Anza na mm 3, fuata mm 5, maliza na mm 6.5. Ganda linalobaki hung'olewa kwa ncha kali kama sindano. Ukipata drilbiti za kukata kinyume, yaani kuelekea kushoto, zitumie: mara nyingi kipande hutoka chenyewe kabla hujamaliza.

Hesi zikiwa nzima ila chafu, usipitishe tapu mpya, itazipunguza. Chukua bolti nzuri ya saizi hiyo hiyo, ikate mifereji mitatu ya urefu kwa grainda, uipitishe kwa mkono. Shimo lisilotokea upande wa pili lipulize hewa hadi likauke (vaa miwani). Mafuta au maji yakibaki chini, bolti ya hedi huyasukuma kama pistoni na bloku hupasuka.

Hesi zikiwa zimekwisha, tia helikoili, springi ya waya inayokuwa hesi mpya ndani ya shimo. Kwa M6 toboa mm 6.3, kwa M8 mm 8.3, kwa M10 ya 1.5 (umbali wa mm 1.5 kati ya hesi na hesi) mm 10.4, kisha tumia tapu ya seti yenyewe. Tapu ya kawaida ya M10 haifai. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tapu ikiwa imesimama wima. Aluminiamu inataka mafuta ya taa, chuma cha kusubu hukatwa kikavu. Springi ikae chini ya uso kwa robo hadi nusu mzunguko, kisha vunja kile kiulimi cha chini kwa kugonga, ukitoe. Kikidondokea ndani ya injini, utafungua sampu, beseni la oili la chini ya injini. Wengine hupanua shimo hadi saizi ya juu. Kwenye kifuniko kidogo si neno, lakini kwenye bolti za hedi usithubutu.

Mengi ya haya huanzia dukani. Injini nyingi za Toyota hutumia M10 ya 1.25, ilhali bolti za M10 zinazouzwa kwa kawaida madukani ni za 1.5. Huingia mizunguko miwili, kisha hugoma, na spana ndefu humalizia uharibifu. Ukienda Kisekka au Katwe, jijini Kampala, kutafuta bolti, beba ile ya zamani na nati yake uzilinganishe. Bolti za hedi za aina inayovutika (zinazorefuka zinapokazwa) zisirudishwe kabisa. Stadi za egzosti zipake grisi ya shaba, na ukizipaka usikaze kwa kipimo cha mkazo cha hesi kavu, utazivuta kupita kiasi. Wakati wa kufunga, bolti iingie kwa vidole hadi karibu na mwisho. Ikigoma mapema, itoe, urudi kwenye hesi.