Kata muzizi kwanza, kisha njo upande miti ya muhogo

Wamama na wababa walimaji wa Kabare, Walungu, Uvira na pembeni yote ya Bukavu, huku Kivu ya Kusini, Congo, leo naongea ju ya miti ya muhogo. Mwaka moja nilinunua mzigo mzima wa miti kando ya barabara, minene, mirefu, nikapanda yote, ikaota vizuri mpaka majirani wanakuja kuomba sombe, kumbe siku ya kuvuna nakata muzizi wa kwanza na ndani naona madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Wa pili hivyo hivyo. Tulitupa karibu nusu ya shamba, na watoto walikuwa wanangojea ile bugali.

Ule ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mtaalamu wa kwanza kuuandika ni Muingereza moja, H. H. Storey, mwaka 1936, alikuwa anafanya kazi Amani kwenye milima ya Usambara, Tanganyika ya zamani. Huyu mzee nampenda sana ju alikuwa anaangalia fasi watu hawaangalie. Alianzia Afrika ya Kusini kwa mahindi yenye majani ya mistari mistari, akaonyesha kwamba kuna kidudu kidogo cha kurukaruka kinachobeba ugonjwa toka mmea moja mpaka mwengine. Halafu akaona vidudu vingine vya aina ile ile vinanyonya mmea mgonjwa lakini haviambukize kitu. Akachukua sindano nyembamba sana, akavitoboa utumbo, na vikaanza kuambukiza! Yaani virusi ilikuwa inakwama tumboni. Fikiria subira ya kutoboa tumbo la mdudu mdogo kuliko punje ya mchele.

Kwenye mihogo, yeye na mwenzake Nichols walionyesha mwaka 1938 kwamba mozaiki, ugonjwa mwengine wa muhogo, inabebwa na vile viinzi vyeupe vinavyokaa chini ya jani. Na ule wa michirizi aliuhamisha kwa kuunganisha kipande cha mti mgonjwa na mti muzima. Kwa hiyo ugonjwa unaishi ndani ya mti wenyewe, na sisi njo tunaubeba kichwani toka sokoni mpaka shambani, tunaugawia na shemeji tukifikiri tumemsaidia.

Mozaiki ni rahisi kuona, majani ya juu yanajikunja na kuwa na manjano. Michirizi inadanganya. Majani ya juu yanabaki mazuri, unapaswa kuinama uangalie ya chini, yale yaliyokomaa, utaona manjano inafuata mishipa ya jani, na wakati mwengine michirizi ya kahawia kwenye shina changa. Ukiona hivyo, hata mti unenepe namna gani, usikate mbegu pale. Na hata ukiona majani yako sawa, ngoa shina, kata mizizi yake kadhaa vipande vipande kwa kisu, ikiwa nyeupe yote njo uchukue miti yake, urefu wa sentimita 20 mpaka 25, kila kipande kiwe na macho matano ao zaidi.

Usipoteze feza kupuliza dawa ya wadudu ukiwa umepanda miti migonjwa. Mmea wenye alama katika miezi ya kwanza, ngoa mapema. Shamba mupya usiliweke pembeni ya lile la zamani lenye ugonjwa. Na kama michirizi imeshaingia kwako, usiache mihogo ikae muda mrefu sana udongoni, ju kuoza kunaendelea kila mwezi, vuna ikishakomaa tu.

Mimi sasa nafunga kamba nyekundu kwenye mimea mizuri mwezi wa tano, majani ya chini yakiwa bado yako, kwa sababu kiangazi kikifika yanaanguka, na mwezi wa tisa mvua ikirudi utakuwa unachagua miti mitupu isiyokuambia kitu.